Ushauri wenu wakuu: filamu ya dakika 177, niiweke yote au nikate?

Msafiri wa Usiku (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Nimekwama, naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi. Kuna mtu wangu wa karibu nataka kumwekea The Postman, ile ya Kevin Costner ya mwaka 1997, ya dunia iliyoharibika na mtu anayezunguka na mkoba wa barua. Mimi naipenda sana. Shida ni urefu: dakika 177, yaani saa tatu kasoro dakika tatu. Mtu mwenyewe hana subira, filamu ikizubaa kidogo anainuka anaondoka zake. Nami nataka aione mpaka mwisho, kwa sababu ni filamu ya matumaini na hicho ndicho anachokikosa kwa sasa. Programu ya kukatia video ninayo. Nikate au niiache kama ilivyo? Na kama ni kukata, wapi? Natanguliza shukrani.

Nyundo
Usikate wala usiweke. Tafuta nyingine. Ile ilizoa tuzo tano za Razzie, zile za kukejeli filamu mbovu, ikiwemo ya filamu mbovu ya mwaka. Ilitengenezwa kwa dola milioni 80 hivi, ikaambulia milioni 17 na ushee kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Mimi steringi alipoanza kuigiza Shakespeare na nyumbu wake wa mizigo, nikajua hapa nimeingia cha kike.

Mama Wawili
Nyundo, filamu ilitoka 25 Desemba 1997, siku sita tu baada ya Titanic. Nani angeikimbilia? Na Titanic ina dakika 194, watu walikaa wakalia hadi mwisho. Kwa hiyo urefu peke yake si hoja.
Mimi niliitazama nilipokuwa nanyonyesha kifungua mimba wangu. Usiku, sauti chini, kipande kipande. Mtoto akilala nazima, akiamka tunaendelea. Ilinifaa kuliko ningeimeza kwa mkupuo, maana kile kipindi ulimwengu wangu wote ulikuwa chumba kimoja. Mleta uzi, igawe mara mbili. Hapo huhitaji kukata kitu.

Kipanga
Waliosoma kitabu tunajua filamu yenyewe ni mkato. Riwaya ni ya David Brin, 1985, na steringi ana jina, Gordon Krantz. Mle ndani kuna kompyuta iitwayo Cyclops, watu wanaijia kwa maswali na kuitii, kumbe ilishakufa zamani na kuna wajanja nyuma yake wanaojibu. Filamu ikaitupa yote hiyo, na kwangu huo ndio upungufu mkubwa. Hayo mengine ya saa tatu nayavumilia.

Mwalimu Mstaafu
Vijana mmezoea vitu vya dakika moja, kila kinachotaka utulivu mnakiita kirefu. Nasema hili kwa uchungu maana nimeliona darasani kwa macho yangu. Halafu mtu aliyekata tamaa hatibiwi na runinga. Kaa naye, mpe sikio. Huyo mtu wa karibu ni nani hasa?

Msafiri wa Usiku
Shikamoo Mwalimu. Ni mtu wa familia, naomba tusizame sana huko. Kukaa nakaa naye, ila tukikaa haongei, ndiyo maana nikafikiria filamu. Swali langu ni la kukata tu wakuu. Mfano ile kambi ya machimboni mwanzoni, ya jeshi la adui linalomteka steringi, ni lazima?

Nyundo
Kambi ni lazima kama unataka kumjua adui. Jenerali Bethlehem kabla ya dunia kuharibika alikuwa akiuza mashine za kudurufu! Hicho kipande kimeniingia akilini mpaka leo. Mtu wa kawaida kabisa, akapata bunduki na farasi, akawa mungu mtu.

Mama Wawili
Na usiku wa sinema pale kambini! Wanajeshi wamekaa mbele ya pazia, wanawekewa filamu ya kivita, wanaanza kurusha mawe. Fundi anabadilisha upesi, anaweka ya nyimbo na milima, wote kimya, macho yanang'aa. Watu waliochomwa chapa ya 8 kama ng'ombe, wanataka kusikia nyimbo. Ukikata hapo nitakuombea mabaya.
Lakini hujajibu. Ni nani? Kama ni mtoto, kambi ina ukatili, wanamchinja yule nyumbu na kumpikia steringi mwenyewe. Kama ni mkeo, kuna mambo ya mwanamke aitwaye Abby kuomba azalishwe na mgeni kwa sababu mumewe hawezi, hapo mjiandae kuulizana maswali.

Msafiri wa Usiku
Sawa, nasema. Ni baba yangu. Amestaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa posta, kuchambua barua na kuzipeleka. Tangu astaafu amebadilika. Anasema kazi aliyoifanya imefutika kama haikuwahi kuwepo, hakuna anayeandikia mwenzake barua tena. Anakaa, anatazama ukuta. Sasa mnaelewa kwa nini nataka hii na si nyingine.
Na niwe mkweli, nimeshakata. Nimetoa ile ya gari la posta lililoachwa msituni, mvua inanyesha, dereva amebaki mifupa ndani ya sare, steringi anamvua koti na kofia ili ajikinge na baridi. Sitaki mzee aone mwenzake wa kazi amekuwa mifupa kwenye usukani. Na sitaki aone kwamba shujaa wa posta ni tapeli. Filamu yangu inaanzia anapogonga lango la mji wa Pineview akiwa na mkoba.

Kipanga
Mkuu umekata moyo ukaacha ngozi. Steringi ni mwongo. Hana kazi, hana serikali, anasema ametumwa na Marekani iliyofufuka, makao makuu Minneapolis, ili apewe chakula na mahali pa kulala. Ukimficha mzee gari lile, atatazama saa mbili akiamini kweli kuna serikali na kweli kuna posta. Hapo tumaini liko wapi? Hiyo inakuwa taarifa ya habari.
Utamu wote ni pale anaporudi kutoka milimani baada ya majira ya baridi na kukuta yule kijana Ford Lincoln Mercury ameunda posta yenyewe, wabeba barua wameapishwa, njia zimegawanywa. Uongo wake umekuwa kazi ya watu wengine, na wanakufa kwa ajili yake. Mzee wako akilijua hilo atalipima mwenyewe.

Msafiri wa Usiku
Kipanga, wewe unaitazama kama msomaji. Mimi namjua baba. Alifanya kazi ile kwa uaminifu, barua ya mtu hajawahi kuifungua. Nimwonyeshe mtu anafungua mkoba wa marehemu, anasoma barua za watu karibu na moto huku akicheka? Atazima hapo hapo. Bora nusu ya filamu kuliko ukuta.

Nyundo
Hapo nipo upande wako kwa mara ya kwanza. Ila kata ile miezi ya kibandani kwenye theluji, hapo hata mimi nililala nikaamka wako pale pale.

Tochi
Wakuu hamjashtuka? Hii ni chai. Mwanzo "mtu wa karibu". Akabanwa, "mtu wa familia". Akabanwa tena, baba. Na baba kwa bahati tu alikuwa posta, na filamu kwa bahati tu ni ya posta. Amekata tamaa, na filamu ni ya matumaini. Kila kitu kimekaa sawa kama kimepigwa pasi. Mleta uzi anakusanya maoni ya kuandikia makala, au anapima nani atalia.

Mwalimu Mstaafu
Tochi una neno. Nilishangaa mtu aliyevunjika moyo kutajwa juu juu namna ile.

Mama Wawili
Jamani, posta ilikuwa na wafanyakazi wengi, nao wana watoto. Hao watoto wasiandike?

Msafiri wa Usiku
Sikutaka kumweka mzee wangu hadharani mkamjadili, ndiyo maana nikazunguka. Tochi, amini usiamini, lakini sikiliza. Baba anasoma anwani kutoka chini kwenda juu. Mji kwanza, kisha mtaa, jina la mtu mwisho. Ukimpa risiti, kadi ya harusi, dawa ya hospitali, macho yanaanzia chini. Kwenye kidole gumba cha kulia anavaa kile kikofia cha mpira chenye vinundu cha kufunulia barua, na mpaka leo anakivaa akisoma gazeti. Kimepasuka pembeni, amekifunga kwa uzi. Hilo ningelitunga kwa faida gani?

Tochi
Kikofia nimekubali. Ila mtu anayesoma kutoka chini ndiye unayetaka kumficha mwanzo? Ataona tu koti halimkai yule steringi. Atauliza lilikuwa la nani.

Kipanga
Tochi umemaliza. Koti lina mwenyewe. Mtu wa posta hawezi kuliacha swali hilo lipite.

Msafiri wa Usiku
Hilo la koti limeniingia. Gari nitalirudisha, ila nitakaa karibu na kitufe cha kusimamisha. Sanamu ya mwishoni sirudishi, kila mtu anaicheka.

Mama Wawili
Sanamu! Ya shaba, Hope, binti wa steringi, anaizindua mwaka 2043. Unakumbuka ni sanamu ya nini? Mtoto amesimama kando ya njia ameinua barua, steringi anapita, anageuza farasi, anarudi kwa kasi na kuinyakua mkononi mwake. Hiyo ndiyo iliyochongwa. Baba yako anasema kazi yake haikuacha alama, halafu wewe unamkatia alama yenyewe?

Nyundo
Mimi sanamu ile niliicheka. Ila kwa mzee wa posta, iache.

Msafiri wa Usiku
Mama Wawili, nipe dakika ya hiyo ya mtoto na farasi, nahofia nimeikata pamoja na mapigano.