Waliowahi kutembelea mahakama za kihistoria za kaunti Marekani, tupeane uzoefu

Wakuu, nipo Memphis. Juzi nilishuka na shemeji hadi Sumner, Mississippi, kamji kadogo mno, ukipiga chafya umeshakapita. Hapo ndipo Septemba 1955 waliposhtakiwa wazungu wawili, Roy Bryant na J.W. Milam, kwa kumuua Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 aliyetoka Chicago kuja kusalimia ndugu.

Chumba cha mahakama kipo ghorofani, kimerudishwa kilivyokuwa mwaka ule. Mwongozaji alituonyesha pembeni palipowekwa kimeza cha karata: waandishi weusi walibanwa hapo. Kisha mahali aliposimama shahidi Mose Wright, mume wa dada wa bibi yake Emmett, akamnyooshea kidole Milam ukumbi mzima ukiona. Mtu mweusi, Mississippi, 1955! Juri (raia wanaoamua kesi) ya wanaume 12, wazungu watupu, ilitoka ikarudi baada ya dakika 67: hawana hatia. Mmoja wao akasema wasingesimama kunywa soda wangemaliza mapema zaidi. Shemeji aliposikia hiyo ya soda alitoka nje.

Kituo cha kumbukumbu kipo ng'ambo ya barabara, anzieni hapo, na muweke miadi mapema maana jengo bado linasikiliza kesi. Nyie mmefika wapi?

Mpita_Njia: Mkuu, mimi nilifika Dayton, Tennessee, kaunti ya Rhea. Ni ile kesi ya 1925 ya mwalimu John Scopes, kisa kufundisha mageuko ya viumbe, somo lililopigwa marufuku na sheria ya jimbo. Huko wakubwa wa mji waliitafuta kesi wenyewe ili mji upate jina! Watu wakafurika, joto la Julai nalo halishikiki, jaji akahamishia shughuli nje uwanjani. Hapo ndipo Clarence Darrow, wakili wa Scopes, alipombana William Jennings Bryan, mwanasiasa aliyekuwa upande wa mashtaka, kwa maswali ya Biblia. Scopes akapigwa faini dola 100, nayo ikatenguliwa 1927 kwa kuwa aliyeipanga ni jaji badala ya juri. Kelele zote zile! Makumbusho yapo chini ya jengo, nenda siku ya kazi.

Mama_Wawili: Sumner naweza kwenda na watoto?

Mwanzisha mada: Dada, wadogo sana hapana, picha za pale ni nzito. Wa sekondari mpeleke. Mwambie pia kwamba Oktoba 2007 viongozi wa kaunti walisoma tamko la kuomba radhi mbele ya mahakama hiyohiyo, ndugu wa Emmett wakiwepo. Ila Bryant na Milam walishakufa zamani, hawakuhukumiwa kifungo hata cha siku moja kwa mauaji yale.