Naomba ushauri: jiwe la kumbukumbu ya mashujaa wetu, Bagamoyo

Wakuu, salaam. Tunaandaa jiwe la kuwakumbuka waliopambana na Wajerumani pwani hii mwaka 1888 na 1889, akiwemo Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Litakaa kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, karibu kabisa na bahari.

Adui ni chumvi. Nondo ikiwa karibu na uso wa zege hushika kutu, huvimba, na zege hupasuka. Kwa hiyo nondo za msingi tutazifunika kwa zege la unene wa sentimita 5, lililochanganywa na mchanga wa mtoni, si wa ufukweni. Lipu ya saruji kwenye matumbawe hatuitaki, maana hunasa unyevu ndani kisha hubanduka. Tutatumia chokaa iliyolowekwa, ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3.

Tunapokwama ni maandishi. Rangi haihimili jua hili. Tukichonga kwenye granaiti, kina kiwe milimita ngapi ili yasomeke hata bila rangi?

Na majina: ya wengi hayajulikani. Tuandike "na wenzake"? Mimi naliona neno dogo mno kwa watu waliotoa roho zao. Mngeandikaje?