Feni moja au sita? Kizidishi cha ghorofa kwenye EnergyPlus

mwanamodeli_dar:
Wakuu, habari za kazi. Natengeneza modeli ya nishati ya jengo la ofisi la ghorofa 8 hapa Dar kwa EnergyPlus, programu ya kukokotoa matumizi ya nishati ya jengo. Ghorofa ya 2 hadi ya 7 zinafanana, kwa hiyo nimechora moja tu nikaipa kizidishi cha 6, yaani programu iihesabu mara sita. Kwenye ramani za mitambo kila ghorofa ina AHU yake (mashine ya kupooza na kusambaza hewa), feni ya mita za ujazo 4 kwa sekunde. Nikiingiza 4, vyumba havipoi kabisa. Nikiiachia programu ikokotoe yenyewe, inaleta karibu 24. Mteja ataniuliza hilo feni kubwa liko wapi. Nishike ipi?

fundi_upepo:
Shika 24, mkuu. Kizidishi umekiweka kwenye zoni (eneo la jengo ambalo programu inalihesabu kama kitu kimoja), na EnergyPlus ikipeleka mzigo wa zoni kwenye mfumo wa hewa inakuwa imeshauzidisha kwa 6. Ile AHU moja ya kwenye modeli ndiyo inayohudumia ghorofa zote sita. Ukiipa 4, unaitaka ipooze ghorofa sita kwa hewa ya ghorofa moja, haiwezi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni shinikizo na ufanisi. Nguvu ya feni ni mtiririko mara shinikizo, gawanya kwa ufanisi. Tuseme ramani inasema paskali 800 na ufanisi wa jumla 0.6: feni moja ni 4 × 800 ÷ 0.6, karibu wati 5,330. Sita ni kilowati 32. Sasa weka 24 kwa 800 ileile na 0.6 ileile, unapata 32 hiyohiyo. Hapo modeli iko sawa hata kama feni inaonekana moja. Ila nimeona watu wakiona 24 wanapandisha shinikizo, au wanachukua ufanisi wa mota kubwa kwenye katalogi. Mota kubwa kwa kawaida hupoteza kidogo kuliko ndogo, kwa hiyo jengo linapewa sifa lisiyostahili. Soma vyote viwili kwenye AHU halisi ya ghorofa moja. Na kwenye ripoti andika "AHU 6", lakini umeme usiuzidishe tena.

Halafu hakikisha ghorofa hizo zinafanana kwa saa za kazi pia. Kama ya 5 ina watu wa zamu ya usiku, itoe kwenye kizidishi, ichore peke yake.

mhandisi_nbo:
Naongezea kama unaenda LEED (cheti cha majengo ya kijani). Kwa jengo la rejea (la kulinganishia) la Appendix G ya kiwango cha ASHRAE 90.1, ofisi ya zaidi ya ghorofa 5 inapewa mfumo wa VAV (wa hewa yenye mtiririko unaobadilika) mmoja kwa kila ghorofa, na ghorofa zinazofanana zinaruhusiwa kuunganishwa. Lakini jengo la rejea usilipatie ile 4 ya ramani. Mtiririko wake unatokana na mzigo wake wenyewe, kwa tofauti ya nyuzi 11 kati ya hewa inayoingia na ya chumbani. Ukubwa wa mota yake pia ukokotolewe kwa ghorofa moja kwanza, ndipo uzidishe.

mwanamodeli_dar:
Asanteni sana. Na feni nyingine? Jedwali lina mbili za kusukuma hewa ngazi za dharura, mbili za maegesho ya chini (moja ya akiba), na moja ya vyoo juu ya paa.

fundi_upepo:
Za ngazi ziache nje ya matumizi ya mwaka, huwashwa tu kukitokea moto. Maegesho hesabu moja inayofanya kazi. Ya akiba haili umeme mwenzake akiwa kazini. Uliza kama maegesho yana vihisi vya kaboni monoksaidi (gesi ya moshi wa magari), maana ratiba ya kuwaka saa 24 na ile ya kufuata magari zinaachana mbali sana.

Ya vyoo ni moja kweli, ila inavuta ghorofa zote. Ukiiweka ndani ya zoni yenye kizidishi, angalia kwenye matokeo jumla ya hewa inayotolewa ilingane na ya feni ya paa. Kama hailingani, rekebisha kabla hujakimbiza mwaka mzima.