Naorodhesha buibui wa Lamu: niandike majina gani, na nianzie wapi?

FundiChokaa (Langoni, Lamu)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mimi ni fundi wa nyumba za mawe. Kazi yangu ni kubandua chokaa iliyokufa, kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa na kurudisha zidaka zilivyokuwa. Mtu wa kazi hii hukutana na buibui kuliko anavyokutana na wenye nyumba, maana wenyewe wako Mombasa au Uarabuni na milango imefungwa. Zamani nilikuwa nawapitishia ufagio. Mzee mmoja aliyenipa kazi Mkomani akanikataza: hataki auawe nyumbani kwake kiumbe aliyetanda mlangoni mwa pango Mtume (SAW) akiwa ndani. Basi nikawa nawahamisha kwa gilasi na kipande cha kadibodi, na ukishamhamisha mtu mara nyingi utataka kujua anaitwa nani.

Sasa nina daftari, nina picha tele kwenye simu, na nimenuia kutengeneza orodha ya buibui wa huku kaskazini mwa pwani: kisiwa cha Amu, Manda, Pate, na bara kuanzia Mokowe kupanda mpaka Kiunga. Najua ni eneo kubwa, msinicheke. Nataka mtoto wa skuli akiuliza hapa kwetu kuna buibui gani, apate kitu kilichoandikwa.

Nilionao nimewapa majina yangu mwenyewe. Kuna Bapa: mkubwa, kahawia, miguu ameitandaza ukutani, hatandi utando. Usiku hutoka kuwinda mende na kugombania taa na mjusi kafiri. Jike nimemuona akibeba mfuko mweupe wa mayai chini ya kifua, wa duara, hauachi hata akikimbia. Kuna Mtikisaji, miguu mirefu myembamba, anakaa juu pembeni baina ya boriti, na ukimgusa anautikisa utando wake mpaka mwenyewe haonekani. Kuna Mrukaji wa daka, na huyu ndiye nimpendaye. Mfupi, ana mistari, humrukia nzi mchana kweupe, na ukisogea anageuka kukutazama usoni. Nadhani ni aina mbili au tatu hao lakini siwezi kuwatenga.

Halafu kuna mmoja simpendi. Anakaa chini ya viti vya plastiki na ndani ya matangi makavu, kahawia, tumbo limeviringana, na kwa chini ana alama ya rangi ya chungwa. Mifuko yake ya mayai ina vijimiba pande zote. Wa mwisho ni wa Kipungani, baina ya miembe: utando mpana kuliko mlango, na nyuzi zake ni za manjano hasa, jua likiwa chini unaziona kutoka njiani.

Maswali yangu: majina ya kitaalamu nayapata wapi? Picha zatosha, au mpaka nimtie mtu chupani? Na kama kuna aliyekwisha kuifanya kazi hii mniambie mapema, nisije nikachimba kisima palipo na bomba. Programu moja ya simu niliipa picha ileile mara mbili, ikanipa majina mawili tofauti, na moja ni la buibui wa Australia.

---

BiMsitu (Gede, Malindi)

Waalaykum salaam fundi. Mie nafuga vipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hiyo buibui kwangu ni mwizi wa mabuu, lakini kwa kuwa umeuliza kwa adabu nitakusaidia.

Usiangalie jina kwanza. Andika mahali, tarehe, saa, na ulimkuta juu ya nini: boriti, jani la mkoko, mchanga, chini ya jiwe. Picha bila mahali ni pambo tu. Mtie kwenye gilasi upige picha tatu: mgongo, tumbo kwa chini, na uso. Uso ni muhimu kwa sababu ya macho. Wengi wana macho manane, na namna yalivyopangwa ndiyo inayokwambia ni wa ukoo gani. Mrukaji wako ana mawili makubwa mbele, ndiyo maana unahisi anakutazama, na kweli anakutazama. Weka na sarafu kando ili ukubwa ujulikane.

Na yule wa alama ya chungwa usimshike kwa mkono mtupu, wala usimuache mtoto akae kwenye kiti kabla hujakipindua.

---

Mvita8Miguu (Mombasa)

Kaka fundi, nimesoma maelezo yako mara mbili kwa raha. Wengi huja na "nimeona buibui mkubwa sana, ana sumu?" na picha ya giza.

Bapa ni Heteropoda venatoria, sina wasiwasi naye; mfuko ule wa mayai unamtambulisha. Mwenye mifuko ya miba ni Latrodectus geometricus, nduguye yule mjane mweusi maarufu. Sumu anayo na anauma, ila ni mwoga, na kwa kawaida jeraha lake si la kuua mtu mzima mwenye afya. Mtikisaji ni wa familia ya Pholcidae, na hapo usimame. Andika "Pholcidae", weka nukta, maana huko kuna jenasi kadhaa zinazopenda nyumba na picha zako hazijafikia kuzitenga. Warukaji ni Salticidae. Kwenye kuta za nyumba za pwani ningemshuku kwanza Plexippus paykulli na Menemerus bivittatus, lakini shuku si jina.

Wa Kipungani ni Trichonephila. Ukisoma maandishi ya kabla ya 2019 utamkuta anaitwa Nephila, usidhani ni mwingine. Spishi moja ya jenasi hii ya Afrika Mashariki, Trichonephila sumptuosa, ilipewa jina mwaka 1873 na Gerstaecker, aliyeyafanyia kazi kule Ujerumani makusanyo ya msafara wa Baron von der Decken. Ndiye yule baron aliyepanda mto Juba na kuuawa Bardera mwaka 1865. Kwa hiyo kisima hujakichimba wa kwanza, ila waliokutangulia walichota ndoo moja wakaenda zao. Wa kwako sitasema ni sumptuosa mpaka nione tumbo lake juu na chini.

Sasa nikuoneshe jambo ambalo lipo ndani ya daftari lako mwenyewe. Bapa, yule wa miba, na warukaji hao wawili ninaowashuku, wote utawakuta Zanzibar, Mumbai, Havana, na karibu kila bandari ya nchi za joto. Ni wasafiri. Wamepanda vyombo pamoja na mbao, mikeka na magunia miaka mingi kabla yetu, na mji wenye majahazi kama Amu ungeshangaza kama usingekuwa nao. Ukiorodhesha nyumba peke yake utapata orodha ya bandari. Ukitaka orodha ya Lamu, toka nje: vilima vya mchanga vya Shela, mikoko, magofu ya Takwa, na bara.

Shela nenda usiku na tochi ya kichwani, uishikilie usawa wa macho. Buibui mbwamwitu, Lycosidae, macho yao hurudisha mwanga, utaona vinukta vya kijani vinang'aa mchangani mpaka ushangae ulikuwa unapita wapi siku zote. Jike hufunga mfuko wa mayai nyuma, kwenye vitundu vya kutolea uzi, na watoto wakitoka hupanda mgongoni kwake.

Majina sahihi yako kwenye World Spider Catalog, inayotunzwa na jumba la makumbusho ya viumbe la Bern, Uswisi. Ni bure. Mwaka 2022 ilivuka spishi 50,000 duniani, na warukaji peke yao ni zaidi ya 6,000, kwa hiyo usijione mjinga kwa kushindwa kuwatenga watatu.

Kuhusu chupa, jibu langu halitakufurahisha. Spishi nyingi hutengwa kwa viungo vya uzazi tu: vipapasio vya dume na bamba lililo chini ya tumbo la jike, tena waliokomaa, chini ya hadubini. Mtoto wa buibui hata bingwa hampi jina. Sampuli huwekwa kwenye alkoholi ya asilimia 70 hivi, na lebo ya penseli ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka. Lakini kukusanya sampuli za utafiti nchini kunataka leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na ndani ya hifadhi ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori. Njia ya karibu kwako ni kupitia watu wa makumbusho hapo Lamu wakuunganishe na wenzao wa Nairobi.

---

BiMsitu

Ndugu Mvita, mwenzio kauliza orodha ya watoto wa skuli, wewe umempa masharti ya chuo kikuu. Mpaka hiyo leseni ije, buibui wa Mkomani watakuwa wamekufa kwa uzee. Picha nzuri yenye mahali na tarehe ni kazi halali.

---

Mvita8Miguu

Bibi, sikatai. Ninachokataa ni jina la uongo. Orodha yenye "Salticidae, aina A, ukuta wa daka, Langoni" mtu wa baadaye ataweza kuirekebisha. Ukiandika spishi kwa kubahatisha, kosa lako litanakiliwa na kila mtu na hakuna atakayejua lilipoanzia.

Afanye safu mbili basi: waliotambuliwa kwa picha, na wanaosubiri hadubini. Hata huko kwa wenzetu wa kaskazini ya mbali kazi ilianzia kwa mtu mmoja na kalamu. Carl Clerck alichapisha kitabu chake cha buibui wa Uswidi mwaka 1757, na mpaka leo majina yake ndiyo pekee ya wanyama yanayokubaliwa ingawa yalitangulia 1758, mwaka ambao majina ya wanyama wengine wote huanza kuhesabiwa. Uingereza ina spishi 650 na ushei, na watu wa kujitolea wameigawa nchi kwa miraba ya kilomita 10 wanajaza mmoja mmoja. Fundi anaweza kuchora miraba hiyohiyo juu ya ramani ya Lamu. Utaona mapema ni mingapi haina hata buibui mmoja, na hiyo peke yake ni habari.

---

NahodhaWaFaza

Hivi kumbe kuna watu wanalala wanawaza buibui. Haya.

Fundi, mbona umesahau baharini? Maji yakipwa sana, nikichokoa pweza kwenye mwamba, kuna vijidudu vya miguu minane vinakimbia kwenye matundu ya matumbawe yaliyokufa. Si kaa, kaa nawajua. Watoto wangu wanasema ni buibui, mie nikawaambia buibui hakai baharini.

---

Mvita8Miguu

Nahodha! Wasikilize watoto wako. Kuna jenasi iitwayo Desis, inaishi hasa hapo, baina ya maji kupwa na maji kujaa. Maji yakipanda hujifungia ndani ya tundu la mwamba walilolitandika uzi, wakakaa na hewa yao humo, na yakishuka hutoka kuwinda. Mmoja, Desis crosslandi, ameandikwa kutoka Zanzibar. Taya zake ni kubwa na zimechomoza mbele, ukizipata kwenye picha zinaonekana.

Sisemi wako ndio wao. Nasema hii ni safari moja ningeilipia nauli.

---

FundiChokaa

Shukrani nyingi, Bi Msitu na kaka Mvita. Nimeshapiga mistari kwenye daftari: mahali, tarehe, saa, juu ya nini, picha tatu, na safu ya mwisho nimeiacha tupu iandikwe na atakayejua zaidi. Yale majina yangu ya Bapa na Mtikisaji nayaacha vilevile pembeni, watoto wa mtaani wameshayazoea. Ramani ya miraba nimeichora nyuma ya karatasi ya hesabu ya saruji. Amu na Manda zimeanza kujaa, Pate ina alama moja tu, bara hakuna kitu. Makumbusho nitapita baada ya Ijumaa, yule bawabu ananijua.

Hili la kubahatisha jina nimelielewa kwa kazi yangu. Mtu akiziba ufa kwa saruji juu ya chokaa panapendeza mwaka mmoja, halafu fundi anayekuja anabomoa ukuta mzima akitafuta tatizo.

Swali la ziada, kaka Mvita: buibui wa manyoya wanaokaa mashimoni huko bara, nikiwapata niweke mahali kamili?

---

Mvita8Miguu

Usiweke. Hao ni wa jamii ya Pterinochilus na wenzao, na kuna soko nje la watu wanaowafuga. Mahali kamili weka kwenye daftari lako, hadharani andika "bara, Lamu". Wala usichimbue shimo. Jike anaweza kuwa amekaa humo miaka, na akikuuma utajuta.

---

FundiChokaa

Nimekupata. Nahodha, bamvua ya mwezi mpevu ujao niko huru. Twende Manda Toto, au huko kwako Faza kama mwamba ni bora. Nusu ya mafuta juu yangu.

---

NahodhaWaFaza

Mafuta yote juu yako, pweza wote juu yangu. Uje na viatu vya mpira, mwamba una kogo, na uwe ufukweni kabla ya alfajiri. Maji hayamngoji mpiga picha.