Kitako cha bunduki kinateleza mvuani: nikikwaruze mwenyewe nyumbani, au ni kosa?

Mkulima wa Uporoto: Wakuu, nina bunduki ya marisau, leseni ninayo, kitako ni cha plastiki. Nalinda viazi, nguruwe pori wanatumaliza. Mvua za huku mnazijua, mkono ukilowa kishikio kinateleza kama kambale. Jirani anasema nichukue chuma cha moto cha mafundi redio, nidonoe vitundu vidogo vidogo mpaka plastiki ikwaruze. Mmiliki anaruhusiwa kufanya hivyo, au ni kazi ya fundi silaha?

Mnyalukolo: Usiguse! Hiyo siyo panga, ni dhamana uliyopewa. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kaisome kwanza. Leo kishikio, kesho mtutu. Au kila fundi redio wa Mwanjelwa sasa ni fundi bunduki?

Fundi Mwanjelwa: Kaka, mtu kauliza plastiki, fundi redio kakukosea nini? Mimi ndiye ninayeshika hicho chuma kila siku. Vitako vingi ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Nailoni inayeyuka kwenye nyuzi joto 220 hadi 260 hivi, kwa hiyo moto ukizidi inachuruzika na huwezi kurudisha. Jaribu kwanza kwenye kipande chakavu. Fanyia nje, ule moshi siyo wa kuvuta. Ukitumia msasa, vaa barakoa, vumbi la kioo linawasha koo.

Mnyalukolo: Umejua nyuzi joto, sheria je?

Fundi Mwanjelwa: Nitajie kifungu kinachokataza kukwaruza plastiki. Kimoja tu.

Mzee Kalenga: Kamwene wanangu. Bunduki ni mbao na chuma. Kitako cha mninga hakijawahi kumteleza mtu. Hiyo ya plastiki ni mdoli, mrudishie aliyekuuzia.

Kijana wa Soweto Mbeya: Shikamoo mzee, lakini hapo hapana. Bastola ya Glock ya Austria ina fremu ya plastiki tangu miaka ya 1980 na majeshi mengi duniani yanaibeba. Halafu angalieni: namba yake iko kwenye kibati kilichozamishwa ndani ya ile plastiki. Mtu akichoma karibu na hapo akaharibu namba, atamweleza nini polisi?

Mzee Kalenga: Marahaba. Majeshi hayalimi viazi.

Mnyalukolo: Asante kijana, umenisaidia. Namba! Ndiyo maana nasema mafundi wa vibandani wakae na redio zao.

Fundi Mwanjelwa: Vibandani? Simu yako ilipozima ulimpelekea nani, Mahakama Kuu? Miaka yote mnaletewa vitu vimekufa vinafufuliwa na hawa wa vibandani, mkishalipa mnawadharau. Watu wa Iringa mna kiburi cha Mkwawa bila vita vyake.

Mnyalukolo: Mkwawa umwache! Huyo aliwapiga Wajerumani Lugalo 1891. Usimwingize kwenye kishikio cha plastiki.

Dada wa Mafinga: Jamani, mwenye swali yuko wapi? Kaka wa Uporoto, kata tyubu kuukuu ya baiskeli, ivalishe kishikioni, ifunge vizuri isicheze. Haichomi, haikati, ukiitaka unaivua. Mbali na kifyatulio tu. Na kama ni kuchoma, toa risasi, fungua kitako kabisa, upande wa mtutu ukae mbali na meza. Hilo sijaona hata mmoja wenu akilisema, na nyote ni wanaume wenye sauti.

Fundi Mwanjelwa: Dada, nilikuwa nafika huko, nikatukanwa kwanza.

Mkulima wa Uporoto: Ndaga fijo dada, tyubu ninayo. Ila mvua ikilowesha mpira, haitazunguka?

Mnyalukolo: Fundi, kifungu nitakuletea. Na neno "kiburi" utalifuta.

Fundi Mwanjelwa: Lete kifungu kwanza.