Ziara ya siku moja kwenye maeneo ya vita vya Wagiriama vya 1914: tupite njia gani, na nani atuongoze?

Mwalimu wa Ganda

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya upili hapa Malindi, na ninaomba ushauri wa watu wanaoyajua maeneo yetu kwa kuyatembea, si kwa kuyasoma tu. Shule imekubali tuwapeleke wanafunzi wa kidato cha tatu katika ziara ya siku moja kuhusu vita vya Wagiriama na Waingereza vya 1914, na wazazi kadhaa wameomba kufuatana nasi.

Nimechagua vita hivyo kwa sababu wanafunzi wangu wanaweza kukueleza yaliyotokea Sarajevo na kukutajia mikataba iliyotiwa saini Ufaransa, lakini hawajui kwamba Agosti ya mwaka huohuo, siku zilezile Uingereza ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiilipua kwa baruti Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama. Sanamu ya Mekatilili wa Menza wanaipita mjini mara kwa mara. Wanajua kwamba alikuwa shujaa. Ukiwauliza alipinga nini hasa, wengi hunyamaza. Ningependa waelewe kwamba chanzo kilikuwa kodi ya nyumba na shinikizo la kuwatoa vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, shinikizo lililozidi baada ya Arthur Champion kuwekwa kuwasimamia Wagiriama mwaka 1912. Kwamba Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu na kuwaapisha. Kwamba walikamatwa Oktoba 1913 wakapelekwa Kisii, wakatoroka mwaka uliofuata na kurudi kwao kwa miguu, mwendo wa mamia ya kilomita.

Kampuni ya utalii tuliyoiendea ilituandalia ratiba inayoanzia Nguzo ya Vasco da Gama, kisha kanisa dogo la Wareno, kisha magofu ya Gede, na katikati nusu saa ya kupiga picha kwenye sanamu ya Mekatilili. Maeneo hayo yote yana thamani yake, ila hiyo si safari tuliyoiomba. Je, inawezekana kwa siku moja kufika kaburi la Mekatilili kule Bungale na pia Kaya Fungo? Tumtafute mwongoza watalii mwenye leseni, au tuwaendee wazee moja kwa moja? Na mtu huwaeleza vipi vijana habari za nyumba kuchomwa na watu kuuawa, wakiwa wamesimama palepale yalipotokea?

Mwongozaji wa Sabaki

Mwalimu, shikamoo. Nimekuwa nikiwaongoza wageni katika eneo la Magarini kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaanza na jambo litakalokuokolea siku nzima: usiunganishe Bungale na Kaya Fungo. Bungale iko kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki, upande wa misitu ya Dakatcha. Kaya Fungo iko Kaloleni, nako utashuka kusini hadi Kilifi, uingie njia ya Mavueni. Ukijaribu zote mbili, wanafunzi wako watayaona madirisha ya basi kuliko watakavyoiona historia, na wazee mtakaowafikia jioni watakuwa wamekaa kuwangojea tangu asubuhi, jambo ambalo ni utovu wa adabu.

Chagua Bungale kwa safari hii. Anzeni kwenye sanamu, katika bustani iliyopewa jina lake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali, na mahali hapo pasichukue zaidi ya robo saa. Somo lenyewe lianzie kwenye daraja la Sabaki. Teremsheni wanafunzi upande wa pili wa daraja, mahali ambapo gari linaweza kuegeshwa kwa usalama, na muwaache wautazame mto kwanza: maji yake mekundu kwa udongo unaotoka bara, na mahindi na migomba iliyokaribia ukingo. Kisha waelezwe kwamba baada ya kushindwa, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa vijana 1,000 wawe wapagazi wa jeshi, na wakaamriwa kuhama ng'ambo yote ya kaskazini ya mto huu, yaani ardhi ileile iliyokuwa ikiwapa nafaka za kula na za kuuza. Mtoto aliyezaliwa Ganda au Mambrui anajua ardhi yenye rutuba ina maana gani kwa mama yake. Hapo hutahitaji kueleza sana.

Nimeona waongozaji wengi wakilipita daraja lile bila kusimama kwa sababu hakuna bango wala jiwe la kumbukumbu, na jambo hilo hunisikitisha, kwa kuwa sijui mahali pengine karibu na mji panapoonyesha wazi zaidi vita vile vilihusu nini.

Kutoka hapo mwende Marafa, kisha Bungale. Barabara ya ndani ni ya udongo. Mvua za masika zikianza, usiipeleke basi refu, kodi magari madogo. Bebeni maji ya kutosha, kwa sababu huko joto la adhuhuri si la pwani penye upepo. Kuhusu leseni, ndiyo, tafuta mwongozaji aliyesajiliwa, kwani akitokea mwanafunzi ameumia au gari likisimamishwa njiani, shule itaulizwa. Lakini mwongozaji mzuri atajua wakati wa kunyamaza. Kazi yangu mimi huishia langoni kwa wenyeji: nawatambulisha wageni, nakaa kando, na anayesimulia ni mzee wa pale.

Mjukuu wa Kaloleni

Nimefurahi kusoma kwamba Kaya Fungo haitabanwa ndani ya ratiba ya siku moja na maeneo mengine. Nitaongeza machache kwa siku mtakapokuja, maana ninatumaini mtakuja.

Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na tangu hapo wapo wageni wanaodhani kwamba kaya imekuwa jumba la makumbusho. Kaya ni mahali pa ibada. Hamwingii bila wazee kujulishwa mapema na kuwapa siku wao wenyewe. Mtaambiwa wapi pa kuvua viatu, mtajifunga kaniki mkiambiwa, hamtang'oa hata jani, na simu zenu zitabaki mifukoni mpaka mtakapoambiwa vingine. Waeleze wanafunzi hayo darasani, siku kadhaa kabla, pamoja na sababu zake, wasije wakaona kwamba wanakemewa njiani. Waeleze pia kuhusu vigango, ile mihimili ya mbao iliyochongwa ambayo husimamishwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo, na baadhi vimerudishwa kutoka Marekani katika miaka ya karibuni. Ndiyo maana mzee akimwona mgeni anainua kamera mbele ya kigango, moyo wake hushtuka.

Umeuliza namna ya kuwaeleza vijana habari za mauaji. Mimi ningesema usizipunguze wala usizipambe. Serikali iliifunga na kuilipua kaya kwa sababu ilijua kwamba viapo vilitoka pale, na kwamba ukiivunja kaya umewavunja watu mioyo. Vijana wa miaka kumi na saba wanaweza kulielewa hilo vizuri kabisa. Mpe mzee nafasi asimulie kwa Kigiriama, na mmoja wa wanafunzi wako ambaye nyumbani kwao lugha hiyo inazungumzwa awatafsirie wenzake. Utashangaa jinsi darasa litakavyotulia. Mzee atawapa pia kisa cha jinsi Mekatilili alivyomtumia kuku mwenye vifaranga, aliyemdonoa ofisa wa kizungu alipotaka kuchukua kifaranga kimoja, kuwaonyesha watu yatakayompata atakayegusa watoto wao. Kisa hicho kisikatizwe katikati kwa swali la tarehe. Kwanza wakisikie, na mkirudi shuleni ndipo mkilinganishe na yaliyoandikwa na maofisa wenyewe.

Ada ya wazee ulizia mapema, na uwakabidhi wenyewe mkononi mbele ya watu. Imetokea mara nyingi kwamba fedha imepitia kwa mtu wa kati na iliyofika ni kidogo, halafu wazee ndio wanaosemwa kuwa hawakarimu wageni.

Mwalimu wa Ganda

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Kuhusu daraja la Sabaki nimekwisha kuamua. Linanibakia jambo moja. Wale vijana 1,000 waliotakiwa, pamoja na maelfu ya wengine wa pwani na bara waliopelekwa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza (Carrier Corps): je, kuna mahali popote ambapo naweza kuwaonyesha wanafunzi na kuwaambia kwamba hapa ndipo wanapokumbukwa?

Mzawa wa Shela

Mwalimu, swali lako ni zito, na nitamwachia anayejua zaidi habari za wapagazi. Nataka tu kukutia moyo kuhusu maeneo yasiyo na mnara, kwa sababu sisi wa Lamu tunaishi juu ya mahali pa namna hiyo. Vita vya Shela, vilivyopiganwa takriban mwaka 1813, ndivyo vilivyogeuza mambo ya mwambao huu: Lamu iliwashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate, kisha ikatafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ngome iliyomo mjini ilikamilishwa mnamo 1821 chini ya himaya hiyo. Ngome mgeni huonyeshwa, na huambiwa kwamba ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984. Uwanja wa vita wenyewe ni mchanga mtupu na bahari.

Waongozaji wetu walio bora huangalia kwanza maji. Huwatoa wageni ngomeni na kuwatembeza kwa miguu kando ya bahari hadi Shela wakati maji yanapokupwa, wakawasimamisha ufukweni na kuwaonyesha jinsi pwani inavyokauka na vyombo vinavyolala ubavu. Simulizi ya wazee ni kwamba maadui walipokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekwama vivyo hivyo. Mgeni aliyefika wakati maji yamejaa husikia maneno hayohayo na asielewe. Kwa hiyo chagua saa kwa uangalifu, hata huko kwenye mto wenu. Ila usijaribu kuja Lamu na kurudi Malindi kwa siku moja na watoto wa shule. Barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe ni ndefu, ina vizuizi vya usalama, halafu mna bahari ya kuvuka.

Mzaliwa wa Malindi, mkazi wa Voi

Nimejibu kwa kuchelewa, lakini swali la Kariakoo linanigusa kwa sababu naishi kwenye ardhi waliyoitembea. Jibu la kweli ni kwamba makaburi yao mengi hayapo. Ukifika makaburi ya vita ya Taveta au ya Voi utakuta mawe meupe yaliyopangwa kwa safu, yenye majina, na nyasi zake zinatunzwa vizuri. Juu ya kilima cha Salaita, ambako Waafrika Kusini walishambulia tarehe 12 Februari 1916 wakarudishwa nyuma na majeshi ya Wajerumani, mahandaki bado yanaonekana. Wapagazi waliobeba maji, risasi na unga hadi huko, waliokufa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, wengi walizikwa kando ya njia bila alama. Idadi ya waliokufa upande wa Waingereza pekee hukadiriwa kukaribia laki moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi.

Taveta si safari ya siku moja kutoka Malindi; mtalazimika kulala Voi. Mombasa inawezekana mkiondoka alfajiri. Kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta kuna mnara wa askari wa vita vile, na ndani ya Fort Jesus mtaiona mizinga ya meli mbili, Königsberg ya Wajerumani na Pegasus ya Waingereza, meli ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar mnamo Septemba 1914. Wasimamisheni wanafunzi mbele ya mnara watafute jina la mtu hata mmoja. Hawatalipata.

Ila mwalimu, kwa safari yako ya kwanza usiende mbali. Kabla ya kuondoka, waambie wanafunzi waulize nyumbani kama kuna babu wa babu aliyechukuliwa Kariakoo, aliitwa nani, na alirudi au hakurudi. Majina watakayoyapata yaandikwe kwenye karatasi, na yasomwe kwa sauti palepale penye mto, baada ya mwongozaji kumaliza habari za wale vijana 1,000.

Mwalimu wa Ganda

Nimeyapokea yote. Tutakwenda Bungale mwishoni mwa muhula wa pili, tukisimama Sabaki asubuhi, na zoezi la majina nitawapa wanafunzi wiki hii ili wapate muda wa kuwauliza wazee wao. Mjukuu wa Kaloleni, nitakuandikia pembeni ili unielekeze kwa wazee wa Fungo; tungependa wao watupangie siku katika muhula wa tatu.