Tupeane uzoefu: injini ya kwanza uliyoiua kwa mkono wako

PlagiNyeupe (Malindi, Barani)
Assalam aleikum jamaa. Kila siku mtu anatuletea picha ya pikipiki aliyoifufua, imeng'arishwa hadi unajiona uso, kikombe cha kahawa pembeni. Leo tugeuze upande. Wewe unayejenga pikipiki za zamani za mashindano nyuma ya nyumba, tueleze injini ya kwanza uliyoiua. Isiwe uliyouziwa mbovu wala iliyoharibiwa na fundi mwingine. Uliyoiua wewe. Mimi naanza, aibu yangu nishaimeza.

Yangu ni Yamaha RD350 ya 1974, tu-stroki (injini inayolipuka kila mzunguko, oili yake huungua pamoja na petroli), silinda mbili. Wanaozijua hizi wanajua kwa nini niliuza ng'ombe: kipenyo cha silinda milimita 64, mwendo wa pistoni milimita 54, vipimo vilevile vya TZ350, ile iliyoundwa kwa ajili ya mashindano tu. Niliipata Nairobi, imelala chini ya magunia kwenye gereji ya mtu. Fundi wa hukohuko akaiwasha, akairekebisha kabureta, ikawa inaimba kama zumari la harusi. Pampu ya oili tuliing'oa, tukawa tunachanganya oili na petroli kwa mkono kama wafanyavyo wa mashindano. Nikaipakia kwenye lori, nikashuka nayo pwani.

Asubuhi ya kwanza nikavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui. Barabara tupu, mkono wa mafuta umefunguka wote, nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Ghafla gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Nilikamata klachi kabla sijafikiri, nadhani ndiyo sababu leo naandika. Nikasimama kando ya minazi, kimya, harufu ya chuma kilichoungua.

Kufungua silinda: pistoni imelamba ukuta upande wa eksozi, aluminiamu imepakwa juu ya chuma kama siagi kwenye mkate. Plagi zote mbili nyeupe kama chokaa. Jirani yangu mzee akaniambia pale darajani pana wenyewe, nilipita bila kuaga, nifukize ubani. Nilifukiza, sitaki kudanganya.

Lakini mwenyewe hasa alikuwa hewa. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya ufukweni. Jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, iliyokuwa inatosha kule, huku ni ndogo: hewa imeongezeka, petroli imebaki ileile, moto unakuwa mkali, na kwenye tu-stroki petroli ikipungua na oili imepungua, maana zinasafiri pamoja. Joto letu la mchana linaipunguza hewa uzito kidogo, lakini halifuti tofauti ya mita zote hizo. Nilitoka jeti ya 130 hadi 145 ndipo plagi zikapata rangi ya kahawa ya maziwa.

Siku hizi nikijaribu jeti mpya naomba ruhusa kwa mwenye shamba mmoja huku, ana njia ndefu iliyonyooka. Nafungua mkono wote, kisha kwa wakati mmoja nakamata klachi na kuzima injini, nasimama, natoa plagi palepale. Ukirudi nyumbani taratibu halafu ndiyo utazame plagi, umesoma rangi ya safari ya kurudi.

Haya, nani anafuata?

ShimuYaMzee (Malindi, karibu na Casuarina)
Wa aleikum salaam kaka. Wewe angalau uliua kwa kutojua. Mimi niliua kwa uvivu.

Mji wetu mnaujua, Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi. Mzee mmoja alipokuwa anafunga nyumba arudi kwao, aliniita akanionyesha Ducati ya silinda moja, 350, imekaa kwenye banda la jenereta. Ile wanayoiita 350 kwa heshima tu, maana kipenyo ni 76 na mwendo ni 75, ukipiga hesabu unapata cc 340. Akaniambia nimpe chochote nilicho nacho mfukoni. Nilikuwa na kitu kidogo sana, akakipokea, akalia. Nami nikalia.

Watu wakisikia Ducati ya zamani wanadhani zote ni desmo. Desmo ni ule mfumo ambao valvu inafunguliwa na mkono wa chuma, na kufungwa pia na mkono wa chuma, haitegemei springi kuirudisha. Mhandisi Fabio Taglioni aliuweka kwenye pikipiki ya mashindano ya cc 125 mwaka 1956, na zile za barabarani zikaupata 1968. Yangu ina springi za kawaida. Lakini zote zina ugonjwa mmoja mtamu: kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, haizungushwi na cheni. Kuna mhimili unaopanda ubavuni mwa silinda, una gia za pembe chini na juu, na umbali kati ya meno unapangwa kwa vipande vyembamba vya chuma tunaviita shimu. Vinapimwa kwa sehemu ya mia ya milimita. Kila kimoja kina mahali pake.

Mimi nilizitia zote kwenye kopo moja la Blue Band.

Zilipofika zamu ya kurudi nikazipanga kwa jicho. Injini iliwaka! Ikawa inalia kama mbu mkubwa, wiiii, nikajiambia hiyo ndiyo sauti ya mashindano yenyewe, wacha wasikie. Ilikwenda kilomita arobaini. Meno ya gia ya juu yakasagika, kamshafti ikapoteza majira, valvu ya eksozi ikamsalimia pistoni. Salamu moja tu ilitosha.

Sasa nina trei za mayai. Kila shimu na shimo lake, na karatasi yenye maandishi. Mke wangu akitaka mayai ananunua yaliyofungwa kwenye gazeti.

NyonyoKijiko (Malindi)
Mimi fupi. Nilisikia kwamba wakimbizaji wa zamani walitumia mafuta ya nyonyo kulainisha injini, na ni kweli kabisa, jina lenyewe la Castrol limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Nikaenda duka la dawa nikaagiza chupa sita. Dada muuzaji akaniuliza kwa huruma, "Ni watu wangapi nyumbani wamefunga choo?"

Nikachanganya sehemu 1 kwa 20 za petroli, yaani mililita 50 kwa lita, nikaiacha kwenye tangi usiku kucha juu ya mabaki ya oili ya kawaida. Asubuhi nyonyo limejitenga limelala chini, mbili hizo hazipatani. Nilichovuta kwanza kilikuwa uji. Baadaye nikachanganya upya vizuri, ikaenda, na harufu yake wallahi ni tamu. Ila baada ya miezi miwili ringi zilikuwa zimeganda kwenye pistoni kwa gundi ya kahawia, nikazitoa vipandevipande. Mnyonyo wacha uote kando ya njia.

MwalimuWaKoni (Msabaha)
Kaka PlagiNyeupe, asante kwa mada. Mimi nafundisha hisabati, na kosa langu ni la hisabati, ndiyo maana sijawahi kulisimulia shuleni.

Marehemu baba alikuwa bwana shamba. Alizunguka na Suzuki TF125 ya kazi, na alipostaafu akainunua kwenye mnada. Aliponiachia nikaamua kuifanya ndogo ya mashindano kwa mtindo wa miaka ya sitini: usukani wa chini, kiti kimoja, eksozi ya koni. Wajomba walinuna. Mama alisema, "Mwacheni, chombo ni cha babake."

Eksozi ya tu-stroki si bomba la kutolea moshi tu, ni sehemu ya injini. Wimbi la sauti linatoka kwenye tundu la eksozi lililo ukutani mwa silinda, linafika kwenye koni ya nyuma, linageuka, linarudi na kuusukuma ndani mchanganyiko mbichi uliokuwa unatoroka, sekunde ileile kabla pistoni haijaziba tundu. Aliyeifanya hii kuwa elimu ni Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 alikuwa anatoa nguvu za farasi 25 kwenye cc 125 bila kupuliza hewa kwa pampu, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia. Mwaka huohuo mkimbizaji wake Ernst Degner akatoroka, akaenda Suzuki, na ujuzi akaenda nao. 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa cc 50. Kwa hiyo TF ya baba ilikuwa na ukoo mkubwa, japo ilitumwa kubeba mbegu za mahindi Langobaya.

Hesabu ni hii: digrii za mzunguko wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ambazo tundu la eksozi liko wazi, zidisha kwa 42,545, gawanya kwa mizunguko ya dakika unayotaka nguvu iwe juu kabisa. Unapata urefu wa eksozi kwa milimita. Mimi nilikuwa na digrii 180 na nikataka mizunguko 8,500, jibu 901. Nikachora koni kwenye karatasi ya manila, nikakata bati la geji 20, kijana wa kuchomelea pale stendi akaziunga vizuri sana. Nikawasha. Ina nguvu, lakini inachoka mapema. Siku tatu nazunguka na kabureta, natukana jeti za watu. Kumbe urefu unaanzia kwenye uso wa pistoni, na mimi nilianzia pale eksozi inapofungwa kwa boliti. Ndani ya silinda kulikuwa na sentimita 5 sikuzihesabu. Gawanya mwenyewe: nguvu ikahamia mizunguko 8,050. Nikaikata, nikaichomelea tena, ikawa nyingine kabisa.

Hiyo haikuua injini. Iliyoua ni tundu. Zile digrii 180 nilizipata kwa kulipandisha tundu milimita 2 kwa kikereza kidogo cha mkono, na nililitengeneza likapendeza, ukingo mkali kama wembe. Ringi ya pistoni ni kama watoto wa darasa la tatu, ikiona uwazi inachungulia. Kila ikipita tunduni inatanuka kidogo, na pasipo ukingo uliolainishwa kuirudisha ndani taratibu, inanasa. Ilinasa. Vipande vya ringi vilizunguka humo ndani kama njugu kwenye kopo. Silinda, pistoni, kichwa, vyote kwaheri. Dawa yake ni kuua makali kwa msasa wa maji, dakika ishirini za kazi ambazo nilizikataa kwa sababu magharibi ilikuwa inaingia.

KijanaBoxer
Wazee wangu shikamooni. Swali la heshima tu: kwa nini msichukue injini ya kawaida kama Honda CG125, spea ziko kila duka, mkaifanya ya mashindano? Mbona mateso?

ShimuYaMzee
Marahaba. Kijana ana akili, mfukuzeni.

PlagiNyeupe
Marahaba mwanangu. CG ni injini nzuri, iliundwa makusudi isisumbue mwenyewe. Hapo ndipo penye tatizo letu.

AmuKwaMashua (Lamu)
Nyinyi wa Malindi mna barabara. Sisi huku Amu vichochoro vyenyewe punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Injini yangu naiwashia kwenye benchi ndani ya kiwanda cha nyumba, na nikipiga resi mara ya pili nasikia dirisha la jirani likifungwa. Kwa hiyo mimi ni mjenzi zaidi kuliko mpanda. Kiti na kifuniko cha upepo nafanya kwa faibaglasi, kalibu yake nachonga kwa mbao. Mkono huo nimeupata kwa wajomba zangu mafundi wa mashua kule Matondoni, na katika hilo simwogopi mtu.

Bali injini niliiua, tena kabla haijawaka hata siku moja. Niliinunua bara, vipandevipande. Vifuniko vyake vya pembeni vilikuwa vya magnesiamu, maana wa mashindano walikimbilia wepesi. Nikaivusha kwa mashua kutoka Mokowe, miezi ya kusi, mawimbi yanaingia ndani. Nilifunika kwa turubai nikaona inatosha. Nikafika, nikaiweka darini, nikasafiri kikazi miezi minne.

Niliporudi magnesiamu ilikuwa inachanua. Maua meupe, ukiyagusa yanakuwa unga. Kidole kilipita. Bering za krenki zimeshikana na kutu, ukizungusha zinasaga kama mawe ya kusagia. Chumvi haihitaji maji ya kuonekana, huja na upepo huu tunaousifia jioni barazani.

Mjomba aliposikia alicheka hadi akakohoa. Akaniambia, "Chombo cha baharini hatukiachi hata mwezi bila deheni, wewe umeiacha bibi harusi uchi darini." Tangu hapo kila kipande kinachoingia kwangu kinaoshwa kwa maji ya mvua, kinakaushwa, kinapakwa grisi, kinafungwa kwenye plastiki, na injini iliyofungwa naitia oili kupitia tundu la plagi na kuizungusha kwa mkono kila Ijumaa nikitoka msikitini. Krenki ilipona kwa bering mpya. Vifuniko nilitengenezesha Mombasa, vya aluminiamu. Vizito, lakini vitanizika.

MwalimuWaKoni
Eksozi yangu ya kwanza nayo ililiwa hivyohivyo, kusi moja tu, ikatoboka kwenye mshono. Sasa naipaka oili iliyotumika ikiwa bado ya moto. Moshi wake mama anaulaani.

NyonyoKijiko
Mwalimu, hiyo koni ya manila unaweza kuniazima? Nina AX100 hapa, na safari hii naapa nitanunua oili ya dukani.

MwalimuWaKoni
Sikuazimi. Njoo Jumamosi na rula, utachora yako. Na digrii za tundu umeshapima?

NyonyoKijiko
…Ndiyo nije na nini?

MwalimuWaKoni
Piga chapa duara lenye digrii 360, libandike kwenye sidii ya zamani, lifunge kwenye ncha ya krenki. Waya uwe mshale.

PlagiNyeupe
Nami naja Jumamosi, nibakishieni chai. Nimefungua upande wa kushoto wa injini leo baada ya Asri, platini (vile vipande vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche) za upande huo zilikuwa zimelika, moto unawahi upande mmoja. Nimezipanga upya kwa saa ya kupimia, pande zote sawa. Kwa hiyo jeti niliyoisifia huko juu huenda ilikuwa inaficha kosa jingine. Kesho alfajiri, hewa ikiwa bado nzito, najaribu 142.5 kule shambani. Plagi nitaleta mezani kwenu, msinidanganye rangi.